Tupeane uzoefu: Kwenye magrupu ya simu, nani anaandika, nani anajifunza, na nani kashika rungu?

Mzee wa Episodi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kila mtu humu yumo kwenye magrupu hadi basi: la ukoo, la kazini, la mtaa, la mchango wa harusi ambayo wenyewe wameshaachana. Humo ndimo tunamoandikia siku hizi, ndimo watoto wanamosomea, na ndimo watu wanamopata ubosi ambao nje hawaupati. Tusimuliane, wewe yamekukuta yapi? Naanza mimi.

Naandika simulizi. Nilianzia Facebook, nikahamia WhatsApp kwa sababu kule msomaji anakula bure, anaandika "nxt" na kuondoka. Utaratibu mnaujua: sehemu za mwanzo bure, utamu ukikolea unaweka namba ya M-Pesa, anayetaka kuendelea anatuma buku (shilingi elfu moja), unamwingiza. Grupu nimelifunga, naandika mimi tu.

Sasa mnisikilize hapa. Zamani niliandika kwenye daftari kubwa, sura inakwenda itakavyo, mvua inanyesha ukurasa mzima. Simu haitaki hivyo. Aya ikizidi mistari mitano kidole kinapitiliza. Kila sehemu lazima ikatike pabaya: mlango umegongwa, dada kashika kitasa, ITAENDELEA. Siku nikimaliza kwa amani nalaumiwa kwamba leo hakuna arosto, ile hamu ya kutaka kujua kinachofuata. Na msidhani mimi ndiye bosi kwa sababu ni admini. Kuna mhusika nilimpangia afe kwa ajali pale mlima Kitonga. Nikadokeza tu kwamba gari limekata breki, meseji zikamiminika inboksi: akifa tunalefti, na hela zetu urudishe. Hakufa. Akavunjika mguu, tukaelewana.

Wizi ndiyo usiseme. Simulizi yangu niliikuta kwenye grupu jingine, jina langu limefutwa, namba ya kulipia ni ya mtu mwingine, na makosa yangu ya kuchapa yamo vilevile hata moja halijaguswa. Mwaka 2019 WhatsApp walipoweka ukomo wa kufowadi, mwisho magumzo matano kwa mkupuo, nikajua nimepona. Wapi! Mwizi hafowadi, anakopi na kubandika.

Haya, karibuni.

Mwalimu wa Zamu

Mleta mada, hongera kwa kumwokoa huyo ndugu wa Kitonga.

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari tangu enzi za vocha za kukwangua. Wakati ule SMS moja ilikuwa herufi 160 na kila moja ina bei yake, kwa hiyo mtoto akiandika "wa2", "cjui", "m2 wng" nilimwelewa, anabana matumizi. Lakini hesabuni "sasa" na "xaxa". Herufi nne kwa nne. Pale hakuna ubahili wowote, ni sare tu ya kujulikana kwamba na wewe ni wa kundi hilo. Na sare inavuliwa. Watoto haohao ukiwaambia waandike barua ya kuomba kazi, "x" zote zinakaa pembeni. Wazee wanaopiga kelele kwamba simu imeua Kiswahili sikubaliani nao. Kinachonisumbua mimi ni urefu: mwanafunzi anatoa hoja nzuri sana, ikifika mwisho wa kioo cha simu nayo inaishia hapohapo.

Kuhusu rungu. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa Korona tulifungua grupu la kidato cha nne. Mwenzangu aliyelifungua alikuwa admini peke yake. Akabadilisha laini, akajitoa. Kama hamjui, admini wa pekee akiondoka mfumo unamchagua mwingine wenyewe, hauulizi mtu. Uadmini ukamwangukia kijana anayekaa dawati la nyuma, ambaye kwa mwaka mzima sikuwahi kuuona mkono wake wala kuisikia sauti yake. Asubuhi tunaamka, kaweka sheria: salamu marufuku, stika marufuku, hisabati jioni, fizikia usiku, anayetuma jibu bila njia anatolewa. Walimu wawili walitolewa! Lakini mitihani ya nyuma aliipanga kwa mwaka na kwa mada, kitu ambacho sisi wenye mishahara tulishindwa.

Na muda wa masomo haukupangwa na yeye wala sisi. Grupu lilikuwa kimya mchana kutwa. Likiamka ni saa mbili usiku, wazazi wakirudi na simu.

Dada Bando

Mwalimu, na ambao kwao hakuna simu janja kabisa?

Mwalimu wa Zamu

Walinakili kwa mkono kwa jirani. Wengine hawakunakili. Shule zilipofunguliwa mwisho wa Juni tofauti niliiona kwenye daftari la kwanza tu nililosahihisha.

Ngosha Mtulivu

Mnawasema maadmini kama vile tunakula mshahara. Mimi ndiye niliyefungua grupu la ukoo wetu. Baba mdogo alikuwa anatupia matangazo ya mikopo ya haraka saa nane usiku, ikija dua ya "tuma kwa watu kumi" ni yeye, habari za wasanii kufa ambao wako hai ni yeye. Nikamwonya inboksi kwa adabu zote, shikamoo mbele. Akaendelea. Nikamtoa.

Kikao cha ukoo kikaitwa, wakuu. Cha ana kwa ana, na kuku akachinjwa. Shangazi akauliza mtoto anamtoaje baba yake nyumbani. Nikaeleza kwamba sijamtoa nyumbani, nimemtoa kwenye grupu. Hakuna aliyeona tofauti. Nikaamriwa nimrudishe na nimpe uadmini kama fidia. Nikampa. Usiku huohuo akajaribu kunitoa mimi, simu ikamkatalia, maana aliyefungua grupu hatolewi na maadmini wenzake. Mpaka leo anaamini nimemroga.

Mjukuu wa Forodhani

Nacheka peke yangu huku Maskati.

Letu sisi ni la kusikiliza zaidi kuliko kusoma. Kwenye grupu la familia bibi ndiye mkubwa, na bibi haandiki. Kazaliwa Unguja, Kiswahili chake cha Mji Mkongwe hasa, herufi za kilatini hazijui vizuri na macho yenyewe ndiyo hayo. Simu za WhatsApp huku Omani zimefungiwa, huwezi kupiga ukaongea, lakini ujumbe wa sauti unapita. Basi yeye anashika kile kidude cha maiki anazungumza. Dakika saba, nane. Anaanza kwa kumwita mtu mmoja mmoja, na ukisikia jina lako jua umefanya kosa.

Wajukuu wa huku Kiswahili kinawapotea, nyumbani na wenzao Kiarabu, shuleni Kiarabu na Kiingereza. Ila ule ujumbe wa bibi lazima wausikilize maana mwisho anauliza suali, na anayejibu kwa Kiarabu anaambiwa "sijakusikia mwanangu". Basi. Anangojea mpaka aambiwe kwa Kiswahili. Mdogo wangu kajifunza ngano nzima za sungura na fisi kwa njia hiyo, anazirejea na vile vikohozi vya bibi vyote.

Hapo uadmini hauna maana yoyote. Admini ni mimi. Siwezi kumtoa bibi hata kwa ndoto.

Ploti ya Kasarani

Wa Nairobi tupo.

Grupu letu la ploti, yaani wapangaji wa jengo moja, lilikuwa la kulia maji na kuulizana nani ameacha takataka kwa ngazi. Juni 2024 Mswada wa Fedha ulipokuwa bungeni, kijana wa ghorofa ya nne akatupa PDF. Ukweli usemwe, PDF hakuna mtu hufungua. Lakini kesho yake mtu akachukua vifungu vichache akaviweka kwa Kiswahili cha kawaida: mkate utozwe VAT ya asilimia 16, gari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Mama wa duka la chini, ambaye kazi yake kwa grupu ni kutangaza maziwa yamefika, akauliza: "Hiyo ya mkate iko kifungu gani?" Nilishtuka. Mimi nina digrii na sijawahi kusoma mswada maishani, mama anataka namba ya kifungu.

Ndiyo ikawa shule. Watu wakatengeneza video za TikTok za kueleza, wengine kwa lugha za mama, kuna waliotengeneza hata programu ya akili mnemba unayoiuliza mswada unasema nini. Tarehe 18 Juni serikali ikaondoa ile ya mkate na ile ya gari, lakini watu walikuwa wameshazoea kusoma, wakaendelea na kurasa zilizobaki. Tarehe 25 wengine walitoka nyumbani kwenda kuandamana na hawakurudi, hilo silifanyii mzaha. Kesho yake Rais Ruto akasema hatatia sahihi.

Sasa kuhusu rungu, kila mtu alisema vuguvugu halina kiongozi. Sawa. Lakini niliingia kwa vile vikao vya sauti vya X (Twitter ya zamani) nikainua mkono nikakaa nikingoja mpaka chai ikapoa, nikapika nyingine. Mwenye kikao ndiye hukupandisha. Na anapandisha wale anaowafuata, wenye wafuasi wengi. Kiongozi hakuna, lakini maiki ina mwenyewe.

Kadutu Juu

Salamu toka Bukavu. Nyinyi mnasema admini, admini, sisi tulimwona admini wa kweli. Uchaguzi wa nchi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018, kesho yake intaneti ikakatwa nchi nzima. Si grupu moja, zote. Hata SMS. Tukakaa hivyo kama wiki tatu, wakati uleule ambao kila mtu anataka kujua nani ameshinda.

Lakini Bukavu iko mpakani. Ng'ambo ya Ruzizi ni Rwanda, na mitandao yao inavuka mto bila pasi. Mwenye laini ya Rwanda akipanda mahali pazuri anapata. Katika avenue yetu alikuwa mmoja, kijana wa kutengeneza viatu. Jioni watu wanamzunguka, anasoma simu, anasema: huko Kinshasa wanasema hivi, huko Ulaya wanasema hivi. Mzee mwenye diplomi za sheria amesimama kimya anamsikiliza. Na niliona jambo: kuna habari alikuwa anasoma kimoyomoyo, hasemi. Macho yanakwenda kwenye kioo, mdomo umefungwa, halafu anaruka. Ukimuuliza, anasema ni matangazo tu.

Intaneti iliporudi akarudi kwenye viatu vyake.

Muyaye wa Ntinda

Kadutu, pole. Sisi Kampala hatukukatwa mwaka ule, tulitozwa mlangoni: Julai 2018 ikaja kodi ya shilingi 200 kwa siku ndipo WhatsApp ifunguke. Watu wakakimbilia VPN, programu za kukwepa kizuizi hicho, hata wauza ndizi. Hadi leo mama yangu anajua VPN na hajui kuhifadhi namba ya simu.

Mfugaji Mstaafu

2018 hiyohiyo ndiyo iliyonihamisha mimi. Nilikuwa na blogu ndogo ya mifugo. Hapa Tanzania zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, ukijumlisha ada ya maombi, leseni na ada ya mwaka inafika kama shilingi milioni 2.1. Blogu yenyewe haijawahi kuniingizia hata hela ya dawa ya kuogeshea. Nikafunga, nikahamia WhatsApp.

Wanachama ni wengi kuliko wasomaji wa blogu, hilo nakiri, tumejaa mpaka 1,024. Ila mtu akiuliza leo kuhusu ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, jibu nilishaliandika kwa urefu, na picha ya tezi zilizovimba, na kipimo cha dawa. Liko wapi? Limezama chini ya "asubuhi njema" na maua. Naandika upya. Mwezi ujao atauliza mwingine. Kwenye blogu nilikuwa naandika mara moja linakaa. Hapa nimekuwa redio.

Chumvi ya Kijijini

Mfugaji, kaandikie Wikipedia ya Kiswahili. Ipo tangu 2003 na kila badiliko linabaki kwenye historia ya ukurasa. Hata anayefuta, anaonekana kafuta nini na saa ngapi. Wakubwa wa kule wanaitwa wakabidhi. Ubabe wao angalau una kumbukumbu, tofauti na admini wa ukoo. Shida yake ni vyanzo. Niliandika jinsi chumvi inavyochemshwa kijijini kwetu, nikaulizwa nimeipata wapi. Nimeipata kwa bibi. Bibi hajachapishwa popote, kwa hiyo ile aya haikukaa, na huyo wa Maskati ajue kabisa na bibi yake hatapita.

Mjukuu wa Forodhani

Nitamwambia. Utajwe jina kwenye ujumbe wa leo.

Mzee wa Episodi

Mfugaji umenigusa. Mimi nina simulizi nzima ambazo nakala yake iko kwenye grupu tu, daftari hakuna. Simu ikidondoka chooni nimekwisha. Kuna anayejua namna ya kuzitoa?

Mwalimu wa Zamu

Ingia kwenye grupu, bonyeza vidoti vitatu vya juu, nenda kwenye Zaidi, utaona sehemu ya kutoa gumzo. Inakuuliza na picha au bila picha. Chagua bila picha, utapata hadi ujumbe 40,000; ukiweka na picha inakata kwenye 10,000. Jitumie kwa imeili, usijitumie kwenye WhatsApp hiyohiyo. Litakuja faili la maandishi matupu, kila mstari na tarehe na jina la aliyeandika. Yule mwizi wako hilo hana.