Tupeane uzoefu: FSA na risiti za hospitali hapa Marekani

Mama Nasra, Columbus: Wapendwa, kadi yangu ya FSA, ile akaunti ya matibabu ya kazini, imefungwa mpaka nilete uthibitisho wa miwani ya Nasra. Miwani tulinunua Agosti! Risiti imefifia, jina la duka linasomeka nusu, bei haionekani kabisa. Na hela ni zangu, zinakatwa kwenye kila mshahara. Nyie mnatunzaje hizi karatasi? Kwetu mwisho wa kudai za mwaka jana ni 31 Machi.

Baba Ima: Pole dada. Ile karatasi ya mashine ya kadi watu wa FSA hawaitaki hata ikiwa mpya. Wanataka jina la mgonjwa, jina la daktari au duka, tarehe ya huduma, huduma yenyewe na kiasi. Rudi dukani, kumbukumbu wanazo, watakuchapia nyingine.

Pendo: Yamenikuta hayo hayo.

Muuguzi wa Dallas: Acheni niseme ya kwangu. Mwaka 2024 nilijaza kiwango chote, dola 3,200, maana mume wangu alikuwa atengenezwe meno. Januari haijaisha, binti yetu akaamka usiku kashika tumbo upande wa kulia, kajikunja, mguu haunyooki. Kidole tumbo. Alfajiri akapasuliwa. Mtoto akapona, alhamdulillah, ndipo bahasha zikaanza: ya hospitali peke yake, ya mpasuaji peke yake, ya daktari wa usingizi, ya maabara. Nikazitandaza mezani, kila bili nikaibana na EOB yake, ile karatasi ya bima inayoonyesha wao wamelipa nini na wewe unadaiwa nini, tarehe ya huduma nikaizungushia kalamu nyekundu. Ya daktari wa usingizi ilidai zaidi ya EOB. Nikapiga simu, wakaipunguza. Nikalipa kwa kadi ya FSA mpaka ikabaki sifuri, na mshahara ulikuwa umekatwa mara chache tu. Machi kampuni ikapunguza watu, na mimi nimo. Usingizi ukapotea, nikijua watafyeka malipo yangu ya mwisho. Nikamuuliza HR, ofisa wa wafanyakazi, kwa maandishi. Akajibu: hudaiwi kitu, kiwango cha mwaka mzima ni chako tangu siku ya kwanza. Nililia ndani ya gari.

Mzee wa Lowell: Mwanangu, pole sana. Binti anaendeleaje sasa?

Muuguzi wa Dallas: Mzima, mzee wangu. Anacheza mpira.

Juma K: Lakini dada, hizo si hela za mwajiri? Umekopa hukulipa.

Baba Ima: Juma, na mwaka ukiisha hela za mfanyakazi zikabaki, anachukua nani? Mwajiri. Mbona huko husemi kakopa?

Juma K: Nimeuliza tu, msinirukie. Mimi nilipoacha kazi zilibaki ndani zaidi ya dola 700. Nikaenda kwa daktari wa meno wiki iliyofuata, wakakataa, eti huduma ni ya baada ya siku yangu ya mwisho. Zikaenda hivyo.

Pendo: Kumbe ndiyo maana una hasira.

Mama Kelvin, Minneapolis: Mimi swali langu ni la mamangu. Yuko Kisumu, ana sukari na presha, dawa zote nalipa mimi. FSA inaweza kulipa?

Chapakazi: Weka risiti tu, nani atajua.

Baba Ima: Usimtie mwenzako matatani! Mzazi lazima awe tegemezi wako wa kodi, na anayeishi Kenya bila uraia wa Marekani hahesabiki. Lakini wewe mwenyewe ukiugua ukiwa likizo Kisumu ukalazwa, hiyo unaweza kudai. Omba bili yenye maelezo, weka na kiwango cha kubadilisha pesa cha siku ile.

Mama Kelvin, Minneapolis: Inauma. Ndiye mgonjwa tunayemlipia kuliko wote.

Pendo: Inauma sana.

Chapakazi: Achaneni na FSA, chukueni HSA, akaunti nyingine ya matibabu, hela za ile hazipotei mwaka ukiisha.

Muuguzi wa Dallas: HSA inataka bima ya aina yake, ambayo unajilipia kwanza pesa nyingi. Mwenye watoto wadogo apige hesabu.

Shangazi Rehema: Mimi napiga picha risiti palepale kaunta, kabla sijaingia kwenye gari. Albamu moja kwenye simu, inaitwa HELA ZANGU. Tena Desemba maliza hela zote: nunua pedi, dawa za maumivu, mafuta ya kujikinga na jua. Tangu 2020 dawa za kaunta hazihitaji cheti cha daktari. Nepi za mtoto na dawa ya meno hazimo.

Juma K: Desemba hakuna haja ya kukimbizana, kuna hela zinavuka kwenda mwaka unaofuata; za 2025 zilikuwa mpaka dola 660.

Baba Ima: Si kwa kila mwajiri. Wengine wanavusha, wengine wanakupa mpaka 15 Machi utumie, wengine hawakupi lolote. Uliza HR.

Mzee wa Lowell: Na safari za kwenda kliniki?

Shangazi Rehema: Mipango mingi ya FSA inalipa kwa maili, mzee. Mwaka 2025 ilikuwa senti 21 kwa maili. Andika tarehe, kliniki na maili.

Mzee wa Lowell: Mke wangu anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, namwendesha mimi. Hatujawahi kuandika hata safari moja.

Shangazi Rehema: Za mwaka uliopita bado mnaweza kudai kama muda wenu wa kudai haujaisha. Kliniki watawapa orodha ya tarehe zote. Na za maegesho pia, mzee, risiti zake mziweke.