Tupeane uzoefu: kitanda cha boksi ulichokifunga mwenyewe kilikuumbua lini?

Mpangaji wa Sakina:
Wakuu, jana saa nane usiku jirani kagonga ukuta. Sikuwa na mgeni, nilikuwa nageuka tu kuvuta blanketi, si mnaijua baridi ya Arusha mwezi wa saba. Kitanda ni hivi vya boksi, tano kwa sita, kinakuja na mfuko wa bolti, kafunguo kalikopinda na karatasi ya michoro isiyo na neno hata moja. Nilikifunga mwenyewe mwezi wa tatu mvua zikinyesha, nikajiona fundi. Sasa ukipumua tu kinalia. Nyumba haina dari, wapangaji sita, choo kimoja, asubuhi napanga foleni na hao hao waliosikia. Mliopitia haya mlifanyaje?

Ndizi Mshale:
Cha kwangu kinalia kama geti la zizi. Naweka kambi hapa.

Chalii wa Kijenge:
Chaga zako zimetoka Moshi hizo. Desemba zipeleke kwao zikahesabiwe, zitanyamaza.

Mama Pacha:
Matone mawili ya mafuta ya kupikia kwenye viungo. Mimi kilitulia siku hiyo hiyo.

Fundi Washa:
Mama Pacha, usiwapoteze watu. Mafuta kwenye mbao yananyonywa, wiki mbili kelele imerudi na doa limebaki. Mpangaji, toa godoro kwanza. Mtu mmoja asukume kona, wewe pitisha kiganja kwenye kila kiungo. Kiungo kinachosuguana utakisikia mkononi kabla ya sikioni. Ulikifunga masika, mbao imevimba, sasa inasinyaa na bolti inachezacheza. Legeza zote, kitanda kikae sawa sakafuni, halafu kaza kidogo kidogo kona kwa kona. Usimalize bolti moja ndiyo uende nyingine, utakipinda. Chaga zisugue mshumaa mkavu pale zinapolalia ukanda. Kama ni mbao ya unga na tundu limeshatanuka, usikaze tena, unalimaliza. Jaza vijiti vya meno na gundi nyeupe, acha mpaka kesho yake, ndiyo ufunge.

Mama Pacha:
Fundi, mimi nimelala kwenye hicho kitanda miaka miwili. Wewe umekilalia?

Fundi Washa:
Na sisimizi je, umelala nao?

Mama Pacha:
Sisimizi walikuwepo kabla ya mafuta.

Baba wa Pasua:
Hii nilikuwa nimeapa naenda nayo kaburini, ila huo ukuta wa Sakina umenitonesha. Tulikuwa tumepanga hapa Pasua, Moshi, mwaka wa kwanza wa ndoa, kitanda cha boksi hicho hicho. Mke kajifungua, mama mkwe kashuka kutoka Rombo kuja kumlea mzazi, na kiroba cha ndizi za mtori. Kalala chumba cha pili, ukuta wa katikati haufiki juu. Mtoto ana siku tisa. Mnanielewa? Siku tisa! Kwa hiyo nimelala kama gogo, mikono kifuani, maana nikigeuka kitanda kinasema kwii, nikirudi kinasema kwaa, na mtu wa upande wa pili atahesabu vibaya.

Kama saa tisa usiku mguu ukakaza msuli. Wenye huo ugonjwa mnajua hauombi ruhusa. Nikajikunja, nikaushika, nikaanza kuusugua, kitanda nacho kwii-kwaa kwii-kwaa kwa kasi. Mke wangu kanishika bega ananong'ona, "Tulia baba, tulia." Sasa hilo neno ukilisikia kutoka chumba cha pili ndiyo linaharibu kabisa. Mara chaga mbili za katikati zikachomoka, godoro likazama, puu! Mtoto akaangua kilio. Alipotulia, upande wa pili mama mkwe akakohoa. Mara moja tu.

Wakuu, nimewahi kuhukumiwa kwa kikohozi.

Ndizi Mshale:
Siku tisa 😂😂😂 Mama mkwe akasemaje asubuhi?

Chalii wa Kijenge:
Aisee mangi, usitukimbie. Akasemaje?

Mzee wa Mninga:
Vijana mnapenda maboksi. Nenda kwa seremala akuchongee mninga, warithi wajukuu.

Dada wa Tengeru:
Mzee wangu shikamoo. Nilimlipa seremala hela ya mninga, akaniletea paini kaipaka rangi. Niligundua nilipoikwangua kwa ukucha. Na yenyewe inalia.

Mzee wa Mninga:
Marahaba binti. Hao ni maseremala wa Arusha, huku Moshi hatuna mchezo huo.

Dada wa Tengeru:
Alitokea Moshi, mzee.

Mpangaji wa Sakina:
Nimetoa godoro, chalii wa chumba cha tatu kasukuma kona. Viungo vya pembeni vizima. Kumbe mguu wa katikati unaning'inia! Sarafu ya mia mbili inapita chini yake bila kugusa.

Fundi Washa:
Basi umempata mchawi wako. Weka kitu kigumu kidogo, mpira ni mzuri. Karatasi itabonyea.

Mama Pacha:
Na mafuta matone mawili.

Baba wa Pasua:
Na changu kilikuwa mguu huo huo! Mnauliza alisemaje. Hakusema kitu. Jumapili nilienda ibada, mke na mtoto wanaota jua uani. Narudi, kitanda kimesimama, chaga zote zimefungwa kwa tyubu ya baiskeli, nikikikalia kimya. Mchana nikaletewa mtori, hakunitazama usoni, nami macho yangu kwenye bakuli. Akakaa mpaka mwezi ukaisha, akapanda gari akarudi Rombo.

Baada ya hapo nikaangusha hela chini ya kitanda, nikainama na tochi ya simu. Chini ya mguu wa katikati kuna kipande cha mpira wa buluu, kimekatwa kwa kisu, kimenyooka kabisa. Nikaenda bafuni kuangalia kandambili zangu. Ya kushoto haina kisigino. Na mimi muda wote namlaumu panya.

Ndizi Mshale:
Ukanunua nyingine?

Baba wa Pasua:
Naanzaje? Anakuja Krismasi, ataniuliza zile za zamani zilipatwa na nini.