Zelda iwe ya giza au ya uchangamfu? Wadau wa Nairobi, tupeane uzoefu

Simba wa Kayole
Wadau, ubishi huu wa Zelda, mfululizo wa gemu za Nintendo, hauishi: iwe ya giza au ya uchangamfu? Mwaka 2000 Nintendo ilionyesha shujaa Link na adui yake Ganondorf wakipigana kwa michoro inayokaribia uhalisia. Mwaka uliofuata ikaja na Link wa katuni, macho kama sahani, na watu wakalalamika. Sitaki kura ya giza dhidi ya uchangamfu. Chukua toleo unalolijua ndani nje, ueleze hisia yake inatokana na nini hasa, na inaharibikia wapi. Mbinu pia wekeni.

Fundi Luthuli
Naanza na Majora's Mask ya 2000, kwa sababu ndiyo inayotajwa kila mtu akitaka "giza", na nusu ya wanaoitaja wanakumbuka mwezi wenye uso peke yake.

Giza lake liko kwenye saa. Mwezi unaanguka baada ya siku tatu za mchezo, saa 72, zinazokwisha kwa dakika 54 hivi za kawaida. Muziki wa mji wa Clock Town siku ya kwanza umetulia. Siku ya tatu ni wimbo uleule, lakini umeharakishwa na chini yake kuna mngurumo wa kutisha. Hakuna anayekuambia uogope, masikio yanajua yenyewe. Halafu kuna mwalimu wa upanga anayejigamba kwamba ataukata mwezi vipande. Nenda kwake usiku wa mwisho: amejificha chumba cha nyuma anatetemeka. Mtu yuleyule alikuchekesha siku ya kwanza. Kama hukucheka, ule usiku hauna uzito.

Kwa anayeanza:
- Cheza Wimbo wa Wakati (ule unaokurudisha siku ya kwanza) kinyume, kwa vitufe hivi: C ya chini, A, C ya kulia, kisha rudia mara moja. Kwenye N64, mashine yake ya kwanza, saa inapungua hadi theluthi moja ya kasi, kwa hivyo unapata zaidi ya saa mbili na nusu. Kwenye toleo la 3DS, mashine ya mkononi, inapungua kwa nusu tu.
- Weka rupia (hela za gemu) benki kabla ya kurudi siku ya kwanza. Za mfukoni zinapotea, pamoja na mishale, mabomu na funguo ndogo za hekaluni. Vinyago na nyimbo vinabaki.
- Ingia hekaluni asubuhi ya siku ya kwanza, saa ikiwa imepunguzwa. Ukiingia siku ya pili, wengi wanakwama mlangoni mwa bosi na kuanza upya.
- Stima ikipotea: N64 inasevu kikamilifu ukirudi siku ya kwanza pekee. Sevu ya sanamu ya bundi ni ya muda, ukiifungua inafutika. 3DS ilirekebisha hilo, sanamu zinasevu moja kwa moja.

Dada wa Umoja
Asante, Fundi. Hapo kwa mwalimu wa upanga umenigusa. Mimi nasimama na yule Link wa katuni, Wind Waker. Walioiita ya watoto hawakufika mwisho. Ganondorf anasimulia upepo wa jangwani kwao, uliokuwa ukileta kifo, na jinsi alivyoutamani upepo wa Hyrule, ufalme wa Zelda. Hakuna toleo lililompa adui huzuni kama hiyo, na rangi zilikuwa angavu vilevile.

Kilichoiharibu ni urefu. Karibu na mwisho unatafuta vipande 8 vya Triforce, hazina takatifu ya Hyrule, baharini. Ramani za vipande hivyo lazima mhusika Tingle azisome, kila moja rupia 398, jumla 3,184. Hadithi imefika kileleni, wewe unakusanya hela! Ukiwa na toleo la kwanza, la mashine ya GameCube, pata pochi ya 5,000 mapema na uanze kuweka akiba kabla hujahitaji. Toleo la HD la 2013 lilibakiza ramani 3 za kusomwa, yaani 1,194, na likaongeza tanga la kasi. Huzuni ikarudi mahali pake.

Mzee wa Roysambu
Dada, hapo nakubali, lakini msiitupe Twilight Princess. Kuna usiku ambao Midna, mwenzake Link, anakaribia kufa na Link akiwa mbwamwitu anambeba mgongoni kuvuka uwanja kwenye mvua. Muziki wa kawaida wa safari unaondolewa, inabaki piano. Pedi bado iko mkononi mwako, wewe ndiye unayekimbia. Wangeigeuza kuwa filamu ya kutazama, ingekufa.

Kosa lake ni kulichosha giza. Unakusanya machozi ya nuru 16 katika kila eneo, maeneo matatu, yote ukiwa mbwamwitu. Toleo la HD la 2016 lilipunguza hadi 12, na bado ni mengi kwangu.

Simba wa Kayole
Na haya mapya je? Breath of the Wild na Tears of the Kingdom?

Fundi Luthuli
Tears ina shida ya mpangilio. Kumbukumbu za machozi ya joka, yaani vipande vya hadithi, karibu zote unaweza kuzipata kwa mfuatano wowote. Ukiangukia mojawapo ya zile za karibu na mwisho mapema, unaweza kuijua siri ambayo kila mtu Hyrule anaendelea kuiuliza, na Link hasemi kitu. Msiba unageuka usumbufu. Dawa: msikilize mzee Impa karibu na kituo cha farasi cha New Serenne Stable, kisha ingia Forgotten Temple. Ramani ya michoro mikubwa ya ardhini yenye machozi hayo iko sakafuni, na ukutani imepangwa kwa mfuatano wa hadithi. Fuata ukuta. Sidhani hili lilipaswa kuachiwa bahati. Ya mwisho kabisa imefungwa hadi uone nyingine zote; toleo lijalo lifunge pia zile mbili tatu zinazoitangulia.

Dada wa Umoja
Breath of the Wild hisia yake ni ukimya. Piano inagusa noti chache, kisha upepo na nyasi. Kwenye kibanda cha gemu chenye meza tano za mpira na mashabiki wanapiga kelele, hutasikia chochote na utasema gemu ni tupu. Vaa spika za masikioni. Kisha ingia mipangilio, uchague onyesho la Pro: ramani ndogo na kipimajoto vinaondoka, inabaki mioyo tu. Utaanza kutazama mawingu kujua kama mvua inakuja, kabla hujaanza kupanda ukuta wa mwamba na kuteleza.