Bega halibebi tena begi la kamera, nihamie kamera gani nyepesi?

MzeeWaStudio (Tanga)

Habari za jioni wadau. Mi nina miaka 66, niko Tanga, studio nimeendesha tangu enzi za filamu mpaka mwaka juzi nilipomwachia kijana wangu. Harusi, mahafali, picha za pasipoti, vyote nimepiga. Sasa mimi na mama watoto tumekubaliana hii miaka Mungu aliyotubakishia tutembee, maana miaka yote Jumamosi na Jumapili zangu zilikuwa za harusi za watu.

Shida ni begi. Juzi nimelipeleka dukani kwa jirani anayeuza nafaka nikaliweka kwenye mizani, kilo nane na robo. Kamera yenyewe, Nikon D750, na betri yake ni gramu 840, lenzi ya milimita 24-70 gramu 900, ile ya kuvuta mbali 70-200 f/2.8 kilo moja na nusu na ushee, hapo bado flashi, bado lenzi yangu ya zamani ya 85, chaja, stendi. Na bega la kulia liliniganda mwaka jana, miezi minne sikuweza kuvaa shati bila kusaidiwa, na yule mtu wa mazoezi ya viungo kanambia wazi kwamba nikiendelea kuning'iniza mzigo upande mmoja tutaonana tena.

Ila kilichoniuma kuliko bega ni Kondoa. Mwezi wa nane tulienda Kolo kuangalia ile michoro ya miambani, ile iliyoingizwa urithi wa dunia 2006. Gari linakuacha chini halafu unapanda kilima kwa miguu, mwinuko mkali, nikaliangalia begi nikaiangalia njia, nikaliacha kwenye gari. Nimefika juu nimesimama mbele ya wale watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, jua la saa kumi linaingia kwa ubavuni linalamba jiwe, na mikono yangu mitupu. Mama watoto akanipa simu yake nikapiga tatu nne, mpaka leo sijazifungua.

Naomba ushauri wa mtu aliyehama kweli, sio wa kusoma. Nataka kitu kitakachoingia kwenye kikapu cha ukindu cha mama watoto pamoja na maji na chapati. Picha iweze kuchapwa A3 maana mi picha isiyochapwa siihesabu. Vidole vyangu vimeanza kukakamaa asubuhi, na bila miwani ya kusomea siioni menyu kabisa. Safari ya karibu ni Kilwa Kisiwani, Mungu akipenda baadae Serengeti. Na mnambie ukweli nitapoteza nini nikiacha fulu fremu, hizi kamera zenye sensa kubwa saizi ya filamu ya zamani.

Kijana_wa_Ilemela

Shikamoo mzee. Pole sana na bega. Mi ningesema usinunue kamera yoyote, chukua simu nzuri ya juu yenye lenzi tatu, ipo mfukoni muda wote, na ukiwa na wajukuu unawatumia hapo hapo. Baba yangu mdogo kaacha kamera kabisa na picha zake za ziwa ni kali. Pesa itakayobaki mtalala hoteli nzuri.

MzeeWaStudio (Tanga)

Marahaba mwanangu, asante. Simu ninayo na naitumia, ila jua la saa sita kioo hakionekani napiga kwa kubahatisha, na kidole kikavu mara inakubali mara inagoma. Na kuna kile kitendo cha kuweka jicho kwenye kidirisha ukafunga dunia nyingine yote ukabaki na picha tu, hicho nimekifanya tangu nina miaka 20, bado nakihitaji.

BintiUnguja_Muscat

Asalaam alaykum kaka. Mie Mzanzibari nakaa Muscat, nna miaka 61, na hayo uloandika nimeyapitia moja moja kwa hivyo nisikilize.

Kosa langu la mwanzo nilikimbilia kidogo kuliko vyote. Nikanunua Sony RX100 VII, gramu 302, inaingia kwenye mkoba wa mkononi, zumu yake inafika 200, kwenye karatasi ni muujiza. Nikenda nayo Nizwa, huku huku Oman, Ijumaa asubuhi kwenye soko la mbuzi. Wale wenye mbuzi wanazunguka nao duara na wanunuzi wamekaa pande zote, na mambo yanakwenda mbio, mtu anamvuta beberu huku anaita bei. Na mie nahangaika na kibonye saizi ya punje ya mtama, nikigusa hichi kinabonyea chengine. Vidole vyangu vina baridi yabisi, kamera nyembamba kama sabuni ilokwisha huwezi kuikamata, unaibana, na kule kuibana ndiko kunakoumiza. Nilirudi nyumbani mkono umevimba kuliko siku nlokuwa nabeba kamera kubwa. Kwa hivyo kaka usitazame gramu peke yake, tazama ina mahali pa kushikia. Kishikio kizuri kwa mtu wa umri wetu ni dawa.

Saa hii natumia Canon R8, gramu 461 na betri ndani, na lenzi ya 24-105 ile ya bei nafuu gramu 395. Yote chini ya kilo, na sensa ni fulu fremu ile ile, sikuacha kitu huko. Nilichoacha ni mwanga, ile lenzi ukivuta mpaka mwisho tundu lake la mwanga linabana mpaka f/7.1, jioni ndani ya nyumba haifai, basi nnayo lenzi ya 50 yenye tundu kubwa, f/1.8, ya gramu 160 kwa usiku. Ila ujue R8 mwili wake hauna kitulizo cha mtikisiko, na hiyo 50 nayo haina, kwa hivyo mkono ukitetema picha inakwenda.

Na sasa hili la macho, nalisema kwa herufi kubwa moyoni maana hakuna alonambia kabla: kile kidirisha cha kamera hizi mpya ni kioo kidogo cha umeme, na pembeni yake pana kigurudumu cha kurekebisha kwa nambari ya jicho lako. Ukishakirekebisha, menyu unaisomea mule mule, picha ulopiga unaitazama mule mule, unaikuza unaangalia kama jicho la mtu limekamata fokasi, bila ya miwani. Mie miwani ilikuwa inapanda na kushuka mara mia kwa siku, nshaivunja miwili. Siku nlogundua hili nilikaa kitako nikashukuru.

DerevaGuide_Arusha

Shikamooni wazee wangu. Mi sio mpiga picha, mi nawaendesha wageni mbugani mwaka wa kumi na nane huu, wengi wao wastaafu, na haya mambo nayaona kwenye kioo cha gari kila wiki.

Mgeni anakuja na lenzi kama bomba la kisima, siku ya kwanza anapiga kila swala, siku ya pili anapiga simba tu, siku ya tatu lenzi imelala kwenye siti imefunikwa na shuka na yeye anapiga na simu. Sio uvivu, shingo imechoka. Sasa na upande wa ndege, zile ndogo zinazotua porini wanahesabu kilo 15 kwa mtu, begi laini, na la mkononi humo humo, kwahiyo kamera ya kilo nane maana yake nguo huna.

Mzee ukija Serengeti kitu cha maana ni lenzi moja ya kuvuta iliyokaa kwenye kamera muda wote, usibadilishe lenzi ndani ya gari. Vumbi la kiangazi pale ni unga, linaingia hata kwenye chupa iliyofungwa. Pili usije na stendi, haina pa kusimama kwenye gari, njoo na kifuko cha kitambaa kigumu kitupu, ukifika Arusha tunakijaza maharage au mchele kilo mbili, unakiweka kwenye ukingo wa paa lililofunguliwa unalaza lenzi juu yake, bega halibebi kitu. Na umwambie dereva azime gari kabla hujapiga, dereva mzuri anafanya bila kuambiwa ila wengine wanasahau na ule mtetemo wa injini unaharibu picha ukadhani ni mkono wako.

Kuna mama mmoja mgeni, sabini na kitu, alikuwa na Olympus na lenzi ya 75-300, alinipa niishike, lenzi haifiki hata nusu kilo, na kwa zile kamera zenye sensa ndogo 300 inavuta kama 600 ya fulu fremu. Alipiga chui wa Seronera akiwa na kahawa mkono wa pili. Sijawahi kusahau.

FundiLenzi_Kkoo

Mzee shikamoo. Kwa kuwa wewe ni mtu wa Nikon nakuambia kabla hujaingia mkenge. Watu watakuambia chukua mwili mpya wa Nikon mirolesi, hizi zisizo na kioo cha ndani, na adapta ya FTZ, kile kiunganishi cha lenzi za zamani, utumie lenzi zako. Kwanza lenzi ni zile zile nzito, umepunguza nini? Pili hiyo 85 yako ya zamani kama ni aina ya D, isiyo na mota yake ndani, haitafokasi yenyewe, ile adapta haina mota ya kuizungusha, utafokasi kwa mkono. Watu wamenilalamikia hapa dukani wakidhani adapta ni mbovu.

Ukitaka kubaki Nikon angalia Z50 na lenzi zake mbili ndogo, 16-50 na 50-250, mwili gramu 450, lenzi 135 na 405, vyote vitatu havifiki kilo. Megapikseli 20.9, A3 inatoka safi. Mwili hauna kitulizo ila lenzi zote mbili zinacho.

Kuhusu kuuza. Ukae Tanga miaka yote hiyo hewa ya bahari ile, washa tochi ya simu pitisha ndani ya kila lenzi usiku taa zimezimwa. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui huo ni fangasi na bei inashuka nusu. Ukikuta imeanza pembeni kidogo leta isafishwe kabla ya kutangaza, na umwambie mnunuzi ukweli. Na usiuze vyote siku moja. Uza 70-200 kwanza, ndiyo inayoshika bei na ndiyo inayokuua bega.

MstaafuMbezi

Mzee mwenzangu, mi nina 69, nilikuwa mpiga picha wa gazeti. Nilihamia Olympus E-M1 Mark II na lenzi moja tu, 12-100 f/4. Mwili 574, lenzi 561, kilo moja na gramu mia na kitu, basi. Mvua inanyesha napiga.

Umeuliza unapoteza nini, nakujibu bila kuficha. Sensa yake kwa eneo ni kama robo ya ile ya D750. Ukipandisha ISO, ule wepesi wa kunasa mwanga, 1600 yake ina chenga, zile chembechembe za gizani, kama 6400 ya kwako. Ile nyuma kuyeyuka nyuma ya bibi harusi uisahau, f/4 hapa inayeyusha kama f/8 ya huko. Watoto wanaokimbia sebuleni usiku kwa taa moja, utaumia. Mimi picha ya mjukuu anacheza jioni nimeikosa mara nyingi na inaniuma.

Ila kitu kisichotembea, jengo, mlango wa Unguja, mandhari, kamera hii inatulia mkononi mwa mzee kwa namna ambayo sikuwahi kuipata hata nikiwa kijana. Kabla hujaamua fanya hivi, fungua kompyuta uangalie picha ulizochapa na kutundika, sio ulizopiga, uangalie kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi na mwanga gani. Mimi nilikuta karibu zote ni kati ya 28 na 100. Miaka yote nilibeba 70-200 kwa ajili ya mhariri.

Na ukipita Dar kwenda Kilwa nitafute inbox. Nitakuazima yangu wiki nzima. Sina shughuli nayo kabla ya mwezi ujao.

MzeeWaStudio (Tanga)

Wadau nimerudi, wiki tano zimepita. Kwanza ndugu wa Mbezi Mungu akulipe, mtu hanijui kanipa kamera na mkewe akatupikia.

Nilifanya lile zoezi la kompyuta. Picha 31 zilizoko ukutani na kwenye albamu za nyumbani, 70-200 imepiga mbili. Mbili tu.

Kilwa Kisiwani tumevuka na mashua kutoka Kilwa Masoko, kamera kwenye kikapu chini ya chapati kama nilivyotaka. Kwenye Msikiti Mkuu niliingia ile sehemu yenye kuba, giza lile la ubaridi, mwanga unashuka kwenye nguzo za matumbawe, nikaegemea ukuta nikapiga robo sekunde kwa mkono. Robo sekunde! Nimeikuza, kila tundu la jiwe linaonekana. Tukaenda mpaka Husuni Kubwa, lile gofu la kasri, kwa miguu, mama watoto akakaa ukingoni mwa lile birika la pembe nane akavua kanga ya kichwani kujipepea, nikainua kamera, sikuwaza bega wala begi, nimepiga kabla hajanigeukia. Ile nimeshachapa A3, iko sebuleni. Kidirisha nacho nilikirekebisha kama dada wa Muscat alivyosema, miwani ilibaki hotelini.

Jioni Masoko sokoni kwa wauza samaki nilipata shida, chenga zipo na watu wametembea, ndugu alisema kweli. Ndio maana 85 na D750 siuzi, zitakaa nyumbani kwa ajili ya wajukuu. 70-200 imeshapata mtu, nilipitisha tochi, haina fangasi. Bega limenyamaza.

Nimepata E-M1 Mark II kama ile ya ndugu wa Mbezi, iliyotumika kwa mtu wa hapa Tanga ila chaja yake imekufa. Fundi wa Kariakoo, unayo chaja ya betri ya BLH-1, ya kampuni yenyewe? Na dereva wetu wa Arusha, tunakuja Februari, kifuko cha maharage mama watoto ameshakishona, kwa kitambaa cha turubai.