Betri yangu ilikuwa mbele, nani kamtuma aipeleke nyuma?

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya basi, Ndanda bado hatujafika na mikono inatetemeka kwa hasira. Simtaji jina. Mnamjua. Kuanzia Lindi mjini hadi Masasi, penye vigari vya rimoti vya kupanda mawe yupo, na akishakuwepo hakuna anayeruhusiwa kupumua bila maelekezo yake.

Leo tulikuwa kwenye miamba ya chini ya mlima Mtandi, pale Masasi. Jiwe kavu, tairi inashika, watoto wamejaa wanashangilia. Zamu inayofuata ni ya krola yangu, kigari changu cha kupanda mawe. Nikageuka kunywa maji. Kurudisha uso hivi, bodi imeshafunguliwa, mkanda umeshabanduliwa, betri yangu iko mkononi mwake. Na mkono wenyewe umetoka kwenye mihogo ya kukaanga, mafuta yanachuruzika hadi kiwikoni. Yale mafuta yangetosha kukaangia vitumbua vya harusi nzima.

Akachomoa betri. Yangu. Hakuniuliza.

Ile betri niliilaza mbele, chini kabisa, karibu na ekseli ya mbele. Sikuiweka pale kwa urembo. Gari zima kilo mbili na nusu, betri gramu 250. Maana yake moja ya kumi ya gari langu ilikuwa mkononi mwa mtu! Akaipeleka nyuma, akaikalisha juu ya ekseli kama abiria wa juu ya lori, halafu akatoa hotuba: "Mdogo wangu, uzito unakaa nyuma. Pikapu ikishapakia korosho haitelezi." Na watu wakatikisa vichwa kukubali!

Jamani. Pikapu ile inasukumwa na tairi za nyuma, tena kwenye mchanga wa tambarare. Krola inavuta kwa tairi zote nne, na ikianza kupanda uzito unarudi nyuma wenyewe bila kualikwa. Zinazobaki nyepesi ni tairi za mbele, na hizo ndizo zinazotafuta pa kushika. Ukizinyang'anya na hicho kidogo zitashika nini, mawingu?

Kikapanda. Kufika nusu ya jiwe shokapu za nyuma zikalala, pua ikaangalia juu, kikabinuka chali, tairi nne hewani zinazunguka. Watoto walicheka hadi Nachingwea wakasikia. Na huyu aliyechomoa betri, huyu huyu, akasema kwa sauti ya kuhubiri: "Tatizo tairi. Tairi za bei rahisi hizi."

Tairi! Mtu amechomoa betri, ameipeleka nyuma, ameipandisha juu, halafu tairi!

Nilipokaa kwenye basi nikafungua bodi. Ule waya mwekundu aliuvuta ufike nyuma, ukawa unalalia propela, ile shafti inayozunguka kupeleka nguvu kwenye ekseli. Ganda limechunika kama upana wa kucha, nyuzi za shaba zinaonekana. Ungechunika na mweusi zikagusana, betri ile ya lipo, yaani ya lithiamu, ingewaka pale pale katikati ya watoto. Alama za vidole vya mihogo ziko juu ya betri mpaka sasa hivi, nazitazama.

Aliichomoa mbele ya watu. Hakuniuliza. Nimemaliza. Sijamaliza, ila chaji ya simu inaisha.

TairiKavu: Kufika kwenye mihogo nikajua ni nani. Mimi alinifungulia shokapu akamwaga oili yote chini, eti gari la mawe halihitaji oili. Lilidunda njia nzima.

Dada wa Chuno: Mtu mzima na akili zako unalilia kigari? Mwanangu wa darasa la tatu chake kikianguka anakiokota anaendelea.

Mleta uzi: Dada yangu, cha mwanao ni cha sebuleni. Na mimi sililii kuanguka, kikianguka mkononi mwangu huwa sisemi neno. Nalilia mkono wa mtu kuingia ndani ya bodi ya mwenzie ukachomoa betri.

Fundi Redio Newala: Tupige hesabu tuache kelele. Ekseli hadi ekseli tuseme sentimita 31. Uzito umeugawa asilimia 60 mbele na 40 nyuma, kitovu cha uzito kiko sentimita 10 juu ya ardhi. Gari hilo likisimama kwenye mwinuko, linaanza kubinuka kinyumenyume karibu na nyuzi 62. Sasa rudisha ile moja ya kumi nyuma sentimita 20 na uipandishe sentimita 6. Kitovu kinarudi nyuma sentimita 2 na kupanda kidogo. Unabaki na nyuzi 57 hivi.

MachingaHalisi: Nyuzi TANO? Uzi mzima huu, kwaya nzima hii, kumbe nyuzi tano? Nilidhani kaibiwa nyumba.

Fundi Redio Newala: Njomba, kwenye jiwe nyuzi tano ndiyo kupanda au kutopanda. Na hiyo ni gari likiwa limesimama. Ukikanyaga moto mota yenyewe inanyanyua pua, shokapu za nyuma zikilala mwinuko unazidi kuongezeka. Hapo ndipo kilipobinukia.

KoroshoGhafi: Mleta uzi yuko sawa kwa kupanda. Kushuka je? Ukirundika kila kitu mbele, ukishuka jiwe kali kinapiga kichwa. Dawa ni kushusha kwanza, mbele baadaye. Mimi nimefunga vyuma vya shaba kwenye ekseli zenyewe, tena vya mbele vizito kuliko vya nyuma. Uzito ulioko chini ya springi hauyumbi na bodi.

TairiKavu: Vyuma vya shaba gani, vile ulivyoazima kwangu? Ulisema wiki moja. Msimu wa korosho umekuja ukaondoka.

KoroshoGhafi: Na wewe rudisha chaja. Uliiacha kwenye mpangilio wa betri za nikeli, ukachomeka lipo yangu, ikavimba mpaka haiingii kwenye kikalio chake. Ungeunguza nyumba ungesema tatizo tairi.

TairiKavu: Betri ilikuja imevimba! Uliichaji jua la saa saba juu ya bati!

Mleta uzi: Wakuu, hayo yenu ni mapatano ya watu wawili. Mliazimana, mliulizana. Mimi nilichomolewa nikiwa nakunywa maji.

Njomba wa Mikindani: Mnahangaika na gramu 250 wakati mabasi ya njia hiyo hiyo yanapakia magunia juu ya keria, kwenye kona basi linainama abiria tunasoma dua. Hapo hamna fundi wa kutupigia nyuzi? Jana konda kanitoza mzigo kwa begi la mgongoni. La mgongoni! Limo mgongoni mwangu!

Dada wa Chuno: Afadhali wewe. Mimi nimekalia ndoo kwenye korido toka Masasi, nauli kamili, na jogoo wa mtu ananidonoa kisigino.

MachingaHalisi: Jogoo naye alilipa mzigo?

Bibi Ming'oko: Wanangu, mkipita Mnazi Mmoja muwe macho. Yule wa dirishani wa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, fungu linapendeza juu, minene, myeupe. Basi likiondoka unafunua chini ni vijimizizi vitupu. Nimemlilia dereva asimame, hakusimama.

Njomba wa Mikindani: Anayekaa upande wa mwembe?

Bibi Ming'oko: Huyo huyo. Na chenji anakupa basi likiwa limeshatembea.

Mleta uzi: Jamani tumetoka kwenye mada, mimi nilikuwa nasema BETRI

Dada wa Chuno: Mleta uzi si uko kwenye basi? Likisimama Mnazi Mmoja ninunulie mafungu mawili, nitakurudishia kwa simu. Ila lifunue kwanza kabla hujalipa.

MachingaHalisi: Na mimi moja. Usichukue kwa yule wa mwembe.

Bibi Ming'oko: Wa pili yake, mama wa kanga nyekundu, ming'oko yake imeiva na chumvi iko sawa. Mwambie umetumwa na bibi, atakuongezea.