Leaf ya 40 kWh kutoka Japani, umeme wa fezi moja: nifunge nini nyumbani?

Mwana_Tabata

Wakuu, habari zenu. Kuna Nissan Leaf ya 2018, betri ya 40 kWh, ipo melini kutoka Japani, inashukia Dar. Nyumbani umeme ni wa fezi moja, mita ya LUKU, breka kuu ni ya ampea 40. Kutoka kwenye meinswichi hadi gari litakapolala ni mita 22 hivi.

Puani mwa gari naona matundu mawili, dogo na kubwa. La nyumbani ni lipi? Kebo inayokuja na gari nikiikata nikaifunga plagi yetu ya pini tatu, itafaa? Na kuna muuzaji ana boksi la ukutani la kilowati 7, anasema gari litajaa kwa saa sita. Nilinunue? Nyumba ina hita ya kuogea ya papo kwa papo na AC moja.

FundiVolti

Karibu mkuu. Kabla ya kutoa hela yoyote, shika hili: kwa umeme wa nyumbani, chaja yenyewe imo ndani ya gari. Umeme wa AC (hapa maana yake mkondo geu, ule wa nyumbani, si kiyoyozi) unaingia kwa tundu dogo, kisha kifaa kilichomo ndani ya gari kinaugeuza kuwa DC (mkondo mnyoofu) na kuupeleka kwenye betri. Boksi la ukutani haligeuzi chochote. Linakagua ethi, linaliambia gari liruhusiwe kuvuta ampea ngapi, ndipo linaachia umeme. Mazungumzo hayo yanapita kwenye pini moja nyembamba, kwa mapigo 1,000 kwa sekunde. Upana wa pigo ndio unaotaja ampea. Pigo likichukua asilimia 16.7 ya mzunguko maana yake ampea 10, asilimia 26.7 ni ampea 16. Gari halivuki hapo, lakini pia halivuki uwezo wa chaja yake.

Hapo ndipo jibu la boksi la kilowati 7 lilipo. Leaf za 40 kWh za soko la Japani hutoka na chaja ya ndani ya kilowati 3. Ya kilowati 6 ilikuwa ya kuagiza kwa nyongeza. Nissan wenyewe walitaja saa 16 kujaza kwa kilowati 3, na saa 8 kwa kilowati 6. Kwa hiyo hizo saa sita za muuzaji hazipo hata kwa gari lenye chaja kubwa. Kama lako ni la kilowati 3, boksi la ampea 32 litachaji sawasawa na la ampea 16. Namna ya kujua: gari likifika, lichaji sehemu yenye boksi la ampea 32, zima vitu vingine vyote, soma uniti kwenye mita mwanzo na baada ya saa moja. Zikienda tatu na kitu, ni la kilowati 3. Zikienda sita na kitu, una ile kubwa.

Matundu: dogo la mviringo lenye pini tano ni Taipu 1, yaani J1772. Hilo ndilo la nyumbani. Kubwa ni CHAdeMO, la vituo vya chaji ya haraka ya DC, na hakuna adapta ya kulichomeka kwenye soketi ya nyumba. Ukikuta kituo cha AC chenye Taipu 2 (pini saba, duara lililokatwa bapa juu), adapta ya Taipu 2 kwenda Taipu 1 inafanya kazi vizuri, maana lugha ya mapigo ni ileile. Lakini kituo cha CCS2 (mfumo mwingine wa chaji ya haraka ya DC) hakiongei na CHAdeMO. Adapta za kazi hiyo zipo, ila ni kompyuta kamili yenye programu yake na bei ya juu, kwa hiyo usimuamini anayekuuzia kijiplastiki.

Kebo ya Japani usiikate. Nyingi zimeandikwa 200V, 15A, na umeme wetu ni 230V, usiku wa manane hupanda zaidi. Kibaya zaidi, boksi lake litaliambia gari livute hadi ampea 15. Chaja ya ndani itachukua karibu 14, mfululizo, saa nane au kumi, kupitia plagi ya 13. Fyuzi ya 13 haikatiki kwa ampea 14. Kinachoungua ni mguso wa ndani wa soketi: chuma kinapata moto, kinalegea, kinazidi moto, mwisho plastiki inayeyuka na hakuna breka iliyoruka kwa sababu ampea hazikuzidi sana.

Nunua chaja ya kubebeka ya Taipu 1 (inaitwa chaja, ila ni kebo yenye boksi dogo linalofanya kazi ileile ya boksi la ukutani), iliyoandikwa 220–240V, yenye kitufe cha kuchagua ampea 8, 10, 13 na 16.

Ethi_Kwanza

Nakazia upande wa waya, maana hapa ndipo nyumba zinapoungua.

Vuta laini ya peke yake kutoka meinswichi. Usiunge kwenye mzunguko wa soketi za sebuleni. Kwa mita 22 na ampea 16, waya wa milimita 4 unapoteza takribani volti 4, hiyo ni sawa. Wa milimita 2.5 unapoteza zaidi ya 6, na ukiupitisha kwenye paipu juu ya dari lenye joto la Dar unakuwa umebana sana. Ukiona mbele utanunua gari lenye chaja kubwa, weka milimita 6 leo, kwa sababu kazi ya kuchimbia haibadiliki.

Mwisho wa laini weka soketi ya viwandani ya bluu, ampea 16, pini tatu za duara, yenye kifuniko. Mguso wake ni mpana na haulegei kirahisi. Kwenye meinswichi weka breka ya ampea 20 na RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampea 30, aina A. RCD za aina AC, ambazo ndizo zimejaa madukani, zinaweza kupofushwa na mvujo wa DC kutoka kwenye gari: ajali ikitokea haziruki. Hakikisha pia chaja yenyewe imeandikwa kwamba inakata mvujo wa DC wa miliampea 6.

Ethi ipimwe kwa mita ya ethi, si kwa kutazama kama fimbo ipo. Fimbo iliyopigwa kwenye mchanga mkavu inaweza kusoma mamia ya omu. Ikizidi 200, ongeza fimbo ya pili, umbali usiopungua urefu wa fimbo, uziunganishe.

Chaja ikiwasha taa nyekundu ya ethi, kuna mafundi wanaounga nyutro na ethi ndani ya soketi ili taa izime. USIKUBALI. Siku nyutro ikikatika huko nje, bodi yote ya gari inakuwa na umeme na mtoto anayegusa mlango ndiye anayekamilisha njia ya kwenda ardhini.

Kifaa cha kulinda friji usikipitishe humo, relei yake si ya mzigo wa saa nane. Kwa radi na umeme wa kupanda na kushuka, funga kizuia msukumo (surge protector) kwenye meinswichi. Na kama unakaa karibu na bahari, waya wenye nyuzi nyingi uvishwe vichwa vya kubana kabla ya skrubu. Chumvi inageuza shaba kuwa kijani na mguso unaanza kupata moto.

Mwana_Tabata

Nashukuru sana wakuu. Sasa breka kuu ya 40 itatosha? Na gharama kwa LUKU ikoje? Siku umeme ukikatika naweza kuchaji kwa jenereta?

FundiVolti

Breka: hita ya papo kwa papo ya kilowati 5 inachukua ampea 22, AC 6, gari 14. Ishafika 42 bila friji wala pasi. Kwa hiyo chaji kuanzia saa nne usiku watu wakishaoga. Leaf ina taima ya kuchajia. Menyu itakuwa ya Kijapani, pata mtu akuoneshe mara moja.

Gharama: kutoka asilimia 20 hadi 80 betri inapokea uniti 23 hivi, ukutani zinatoka kama 26 kwa sababu ya upotevu. Kwa bei ya T1 (kundi la matumizi ya kawaida) ya takribani Sh 356 pamoja na kodi, ni kama Sh 9,300. Kwa ampea 10 itachukua saa 11 hadi 12, kwa 16 saa nane. Kama mita yako ipo D1, ile ya uniti 75 kwa mwezi, kuchaji mara tatu tu kunakuvusha kikomo hicho. Tazama salio kabla ya kulala, LUKU ikiisha saa saba usiku chaji inasimama.

Na kwa betri ya Leaf, ambayo haina kipoza cha maji, chaji hii ya polepole usiku ndiyo inayoifaa. Usiijaze asilimia 100 kisha ukaliacha gari juani siku nzima.

Ethi_Kwanza

Jenereta ndogo na inveta nyingi hazina nyutro iliyofungwa na ethi, kwa hiyo chaja itakataa kwa kosa la ethi. Dawa ni fundi kufunga nyutro na ethi kwenye jenereta yenyewe, sehemu moja tu, na swichi ya kubadili inayotenganisha waya wote wawili, wa moto na nyutro, ili isikutane na mfumo wa TANESCO. Weka ampea 8, ni kama kilowati 1.8, jenereta ya kilowati 3 inabeba bila kuhema.

Siku ya kwanza ya kuchaji, baada ya saa moja, shika plagi na kifuniko cha soketi. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha kiganja hapo, zima, kaza skrubu zote, na usirudishe ampea 16 hadi ujue joto linatoka wapi.

Kijana_wa_Ubungo

Na BYD zinazoletwa na watu binafsi kutoka China, hizi ushauri ni huohuo?

FundiVolti

Waya, RCD na ethi ni vilevile. Tundu ndilo tofauti: za soko la China zina GB/T (mfumo wa China wenyewe), tundu moja la AC na jingine la DC. La AC lina pini saba kama Taipu 2, lakini upande wenye pini na upande wenye matundu vimegeuzwa, kwa hiyo haviingiliani. Tafuta chaja ya kubebeka ya GB/T, au adapta ya Taipu 2 kwenda GB/T kwa AC. Muombe muuzaji picha ya tundu likiwa wazi kabla ya kulipia, na namba ya ampea kwenye kibandiko cha chaja.