SUV ya otomatiki kwa familia, mjini na shamba: Vanguard, X-Trail, CX-5 au Forester?

BabaWanne
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nnaomba ushauri kabla sijatuma pesa Japani maana mara hii nikikosea sina nyengine. Nnakaa Kiembesamaki hapa Unguja, kazi yangu Malindi ya mjini, asubuhi nnashusha watoto skuli mbili tafauti ndo nielekee kazini, kwa hivo siku tano za wiki ni foleni na matuta tu. Jumamosi tunakwenda kwa mama Mkokotoni, na likizo tunavuka Pemba kwa wakwe zangu Wete, gari tunaipakia melini. Watoto wanne, mie na mama yao, na mara nyingi tunarudi na mama mjini kwa ajili ya kliniki, jumla saba.

Sasa mama magoti yanamsumbua. Juzi niliazima gari ya juu kwa kaka yangu, mama kashika kishikio cha juu ya mlango kajaribu kupanda mara tatu kashindwa, mwisho mtoto kakimbia ndani kaleta kibao cha mbuzi, bibi yake kakanyagia hapo ndo akapanda. Iliniuma sana. Kwa hivo nnataka gari ya juu kiasi lakini si mlima.

Lazima iwe oto, mke wangu pia anaendesha. Nimechuja nimebakiwa na Toyota Vanguard ya 2010 kwenda 2012, Nissan X-Trail ya umbo la T32, Mazda CX-5 ya 2013 na Subaru Forester ya 2012 au 2013. Mwenye uzoefu anambie.

Mkaazi_Fuoni
Waalaykum salaam. Mie nna Vanguard mwaka wa tano huu, alhamdulillah. Injini yake 2AZ ya cc 2362, ile ile ya RAV4 ya umbo lile na Harrier za zamani, kwa hivo spea hutoniona nahangaika, Darajani mpaka Mwanakwerekwe utapata, na mafundi wote washaifungua. Mafuta nkwambie ukweli, mjini na AC nnapata kilomita 8 kwa lita, nikitoka Fuoni kwenda Makunduchi inafika 11 hadi 12. Si mnywaji mdogo. ZURA, wale wadhibiti wa nishati Zanzibar, wakitangaza bei mpya ya mafuta mwanzo wa mwezi mie ndo wa kwanza kuisoma.

Kiti cha tatu ni cha watoto, tusidanganyane. Mkubwa akikaa kule nyuma magoti yako kidevuni. Na ukikifungua nyuma inabaki nafasi ya mabegi mawili basi, ukipewa gunia la mihogo na mkungu wa ndizi Mkokotoni utatafuta pa kuweka. Sie tumefunga keria juu.

Na angalia oili. Injini za 2AZ za kuanzia 2006 mpaka 2009 zinajulikana kwa kula oili, ringi zake zinagandiwa na uchafu halafu oili inapita inaungua. Unakwenda na kijiti, unapima kila wiki. Ukichukua ya 2010 kuja juu unapunguza wasiwasi lakini kijiti usikisahau.

UmmuSalma
Mie nnaendesha CX-5 na naipenda kupita kiasi, ila kwa hali yako naona usiichukue. Viti vitano, hakuna ya saba katika umbo hilo. Utamwacha nani nyumbani, mama au watoto? Hapo hesabu imeshakataa.

Lakini kwa wengine wanaosoma hapa nataka niseme jambo la dizeli kwa sababu bei yake mnadani Japani inavutia na watu wanaingia. CX-5 za Japani zipo petroli za 2.0 na dizeli ya 2.2. Dizeli ile ina chujio la moshi kwenye ekzosi, wanaliita DPF, linakusanya masizi na likijaa gari inajichoma masizi wenyewe, ila inataka mwendo mrefu wa moja kwa moja ndo imalize kazi. Sasa niambieni Unguja mwendo huo tunaupata wapi? Kisiwa kizima toka Nungwi mpaka Makunduchi urefu wake kama kilomita 85, na humo njiani kuna vijiji, vibao vya 50, matuta ya Jozani ya kuwapisha kima punju. Mtu wa Kikwajuni kwenda Mnazi Mmoja kila siku na dizeli ile, chujio litaziba tu. Petroli ndo ya kwetu. Sanduku lake la gia ni otomatiki ya gia sita ya kawaida, si CVT ile ya mkanda, inabadilisha laini na ukitaka kuovateki inaitika.

FundiGongoni
Nilikuwa nangoja mtu aguse CVT. Watu wanauliza gari gani nzuri, hawaulizi sanduku la gia gani liko ndani, na kwenye oto pesa yako imelala hapo.

Katika gari zako nne hivi ndivyo zilivyo. Vanguard ya 2AZ ni CVT. X-Trail T32 CVT. CX-5 gia sita za kawaida. Forester hapo uwe macho sana kwa sababu mwaka wako umeangukia mpakani, ya zamani inayoandikwa SHJ ni otomatiki ya gia nne, ya umbo jipya SJ5 iliotoka mwishoni mwa 2012 ni CVT. Kwa hivo usisome mwaka tu, soma namba ya chesisi.

CVT haina gia za meno kama unavyozijua, ina mkanda wa chuma unaopita baina ya pulii mbili, pulii zinafinyika na kupanuka ndo mwendo unabadilika bila ya kushtuka. Kinachofanya mkanda ule ushike bila kuteleza ni mafuta yake na presha ya mafuta. Sasa mtu anakuja na oili ya gia ya kawaida ya rangi nyekundu kwa sababu ni rahisi, anamimina, gari inatembea mwezi inaanza kutetemeka ukiondoka kwenye taa. X-Trail T31 ya umbo la zamani inataka oili ya NS-2, T32 inataka NS-3, za Toyota nazo zina zake kutegemea mwaka. Soma kitabu cha gari au kijiti, usimsikilize mtu wa dukani.

Wiki iliopita nimemwaga ya mteja mmoja, gari kanunua miaka minne nyuma na hajawahi kubadilisha hata mara moja kwa kuwa aliambiwa ni ya maisha. Nilikinga kwenye chupa ya maji iliokatwa shingo. Nyeusi, inanuka kuungua, na ukipitisha kidole ukakigeuza juani unaona unga wa chuma unameta. Mie nnawambia watu kila kilomita 40,000, kwa joto letu na foleni zetu usingoje.

Mpemba_wa_Konde
Yakhe nyinyi mnazungumza Unguja tu. Kasema anakwenda Wete. Pemba milima na mabonde, si tambarare kama huko kwenu, na gari ikiwa na watu saba na mizigo ndo utaijua. Mie nna Forester ile ya gia nne, mvua za masika njia ya udongo huku kwetu inakuwa sabuni, ile foowili yake ya muda wote inakushika mpaka mlangoni. Na iko juu ya ardhi vizuri. Tatizo viti vitano, na plagi zake zimekaa ubavuni kwa sababu injini imelala, fundi asiyeizoea atakulipisha siku nzima. Na tairi zote nne lazima zilingane, ukipata pancha ukaweka moja mpya na tatu zilokwisha unaumiza difu.

Kwa watu saba na mpando ushauri wangu uchukue ya foowili lakini uendeshe taratibu, na mpandoni usikanyage mafuta mpaka chini, CVT ikipata moto itajipunguza nguvu wenyewe ikuache hapo hapo.

BabaWanne
Ahsanteni sana, nimejifunza mengi. Kwa hivo CX-5 na Forester nimezitoa kwa ajili ya viti. Imebaki Vanguard na X-Trail T32. Kuna mwenye T32?

KijanaWaBububu
Nnayo mie sheikh, ya 2014. Chukua tahadhari, si zote za viti saba, ile ya safu tatu ni petroli ya 2.0 tu, haibridi zake ni viti vitano, basi hakikisha kwenye picha usije ukaletewa ya tano. Mafuta inakula kidogo kuliko Vanguard, mie mjini 10, nikienda Nungwi 13. Na kwa kuwa ni cc 2000 ushuru wa bidhaa wake uko chini ya gari iliyovuka 2000, hapo utaokoa pesa. Na umri wa gari nao unahesabiwa, gari iliozeeka inaongezewa ushuru, kwa hivo Vanguard ya 2010 utainunua rahisi Japani halafu bandarini ikupande. Piga hesabu ya kufika, si ya kununua.

Spea za bodi za T32 bado ghali, taa ya mbele moja tu ilinitoa jasho.

FundiGongoni
Kaongea kweli kijana. Niongeze kutu, kwa sababu hilo ndo linaloua gari visiwani kabla ya injini. Gari zilotoka kaskazini ya Japani, Hokkaido na kwengine kwenye theluji, zinapita barabara zilomwagwa chumvi, unaletewa hapa iko safi juu, chini mabomba ya breki yameshaliwa. Halafu unailetea upepo wetu wa bahari juu yake. Omba picha za chini ya gari, na kwenye karatasi ya mnada ukiona wameandika sabi ujue ni kutu. Daraja likiwa R au RA gari ilishagongwa ikatengenezwa. Na ukishaipata, ukirudi pwani au ukishuka melini osha chini kwa maji baridi ya kisima au bomba, si bodi tu.

UmmuSalma
BabaWanne, kabla ya yote mpeleke mama akae. Tafuta jamaa mwenye Vanguard na mwenye T32, mama apande kiti cha kati mwenyewe bila kusaidiwa. Namba za kwenye intaneti hazijui goti la mtu.

BabaWanne
Nimefanya hivo jana, Allah akulipe dada yangu. Mkaazi_Fuoni kanikaribisha kwake na KijanaWaBububu kaja mpaka Mkokotoni na yake, nnawashukuru wote wawili. Kwenye T32 mama kapanda lakini kashika bega langu. Kwenye Vanguard kakaa kwanza kitako, kageuza miguu ikaingia, wala hakuniangalia. Kisha kauliza mbona tunakaa tu hatuondoki.

Basi ni Vanguard. Nimepata moja ya 2011 inauzwa hapa hapa Unguja, mtaa wa Mombasa, ina namba Z ya Zanzibar tayari, mwenyewe anasema oili ya CVT kabadilisha mwaka jana lakini risiti hana.

FundiGongoni
Bila risiti hesabu kama haijabadilishwa. Muombe muiendeshe nusu saa na AC imewaka, simama mpandoni uondoke mara tatu nne, ikitetemeka iache. Halafu niletee Jumamosi asubuhi kabla hujalipa, tutaipandisha juu tuangalie mabomba ya breki na tutoe oili kidogo tuione rangi. Njoo mapema, saa tatu nnakuwa na gari nyengine.